Jino, Joto na Soya: Nani Hasa Anayekata Waya za Magari Yetu?

Gari lilikaa siku nne chini ya banda, limeegemea ukuta wa stoo ya chakula cha kuku, hapa Morogoro. Niliporudi safari nikaliwasha, liliwaka kwa shida, likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi ikakataa kuzimika. Nikampigia simu fundi umeme wa mtaa wetu. Alifika, akaniamkia, akachomeka mashine yake ya kusomea gari, akasema silinda ya pili haichomi. Kisha akafungua boneti na kung'oa kava la plastiki linalofunika injini.

Chini ya kava palikuwa na kitanda cha mtu aliyehamia rasmi: nyasi kavu, maganda ya mahindi, nyuzi za gunia na vinyesi vyeusi vyenye ukubwa wa punje za mpunga. Kati ya waya nne zinazoingia kwenye koili ya silinda ile, mbili zilikuwa uchi, shaba inang'aa.

"Mzee, waya za siku hizi wanatengeneza kwa soya," fundi aliniambia huku akitafuta tepu mfukoni. "Panya anaona chakula. Hapo wewe umemwekea mboga mezani."

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Utayasikia gereji, kwenye vijiwe vya madereva na mezani kwa wenye magari, na asili yake ni Marekani, ambako madai ya waya za soya yamefikishwa mpaka mahakamani. Yanaaminika kwa urahisi kwa sababu yanaeleza kila kitu kwa neno moja. Lakini jambo linalogharimu watu fedha, na wakati mwingine kuhatarisha maisha yao barabarani, linastahili kupimwa kwa makini zaidi ya hapo. Je, ni kweli panya anavutwa na soya? Kama si soya, ni nini? Na sisi tunaoendesha magari yaliyotumika, tusio na waranti ya kiwanda, tufanye nini?

Makombo yaliyobaki juu ya injini

Kabla fundi hajaanza kufunga, nilimwomba asubiri kidogo. Pembeni ya waya zilizotafunwa palikuwa na chengachenga nyeusi, ndogo kama majani ya chai. Nilizikusanya kiganjani nikazipeleka juani. Lilikuwa ganda la waya, limekatwakatwa na kuachwa hapo hapo. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya stoo, gunia la pumba lilikuwa limetobolewa kwenye kona ya chini. Panya yule alikuwa na chakula, na alijua kilipo. Pumba aliila. Ganda la waya alilikata akalitema.

Gari moja halithibitishi kitu kwa magari yote, na sitalifanya hilo kuwa ushahidi wa mwisho. Lakini linatufundisha swali la kwanza la kuuliza: panya anapotafuna, je, anakula? Sisi tumezoea kwamba kinachotiwa mdomoni kinakwenda tumboni. Kwa panya, kutafuna na kula ni kazi mbili tofauti.

Meno manne ya mbele ya panya, mawili juu na mawili chini, hayaachi kukua tangu utotoni hadi kufa. Kwa mwaka mmoja jino la panya wa nyumbani likiachwa bila kusagika lingeweza kurefuka zaidi ya sentimita 10. Upande wa mbele wa jino umefunikwa na tabaka gumu lenye madini ya chuma, ndiyo maana meno ya panya yana rangi ya manjano iliyokolea. Upande wa nyuma ni laini zaidi na huisha haraka. Kwa hiyo kila anapotafuna jino hujinoa lenyewe, kama patasi ya seremala isiyohitaji tupa. Jino hilo ni gumu kuliko shaba na kuliko risasi, na plastiki si chochote mbele yake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Kati ya meno ya mbele ya panya na magego yake kuna pengo kubwa. Anapotafuna kitu asichotaka kukimeza, midomo na mashavu hujikunja ndani ya pengo hilo na kufunga njia ya koo. Anaweza kukata mbao, mfereji wa maji au waya usiku kucha bila kumeza hata kombo moja. Maumbile yamempa karakana mlangoni na jiko nyuma yake. Makombo niliyoyaona juu ya injini yalikuwa taka za karakana.

Anatafuna kwa sababu nyingi: kupunguza meno, kufungua njia, kupata nyuzi za kutandikia kiota, kuonja kitu kigeni kilichoingia katika eneo lake. Waya nyembamba ya gari, yenye unene wa milimita mbili hivi, inaingia barabara katika kinywa chake. Kebo nene humtatiza kwa sababu taya haipati pa kushika. Waya za sensa na koili zinamfaa kana kwamba alipimiwa.

Ganda la waya lilianza kwa mmea

Sasa tuitazame soya yenyewe. Madai yanasema kwamba zamani waya zilifunikwa kwa plastiki ya mafuta ya petroli, kisha watengenezaji magari, kwa kutaka kulinda mazingira au kupunguza gharama, wakahamia kwenye maganda ya mimea, na hapo ndipo panya walipoanza kuvamia. Ukiifungua historia ya waya utakuta mambo yalikwenda kinyume. Ganda la mmea ndilo lililotangulia.

Waya za kwanza za umeme zilizungushiwa pamba na hariri. Katikati ya karne ya 19 kilipatikana kitu bora zaidi, utomvu wa miti ya nchi za Malaya uitwao gutapacha, ambao haupitishi maji wala umeme. Utomvu huo ndio uliofunika kebo ya chini ya bahari iliyounganisha Uingereza na Ufaransa mwaka 1851, kisha kebo za kuvuka Atlantiki. Mwaka 1879 kebo ya simu za maandishi iliyotoka Aden ilifika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban. Mawasiliano ya kwanza ya umeme kati ya pwani yetu na dunia, kwa hiyo, yalipita ndani ya utomvu wa mti. Magari ya mwanzo nayo yalikuwa na waya zenye ganda la mpira wa asili lililofumwa pamba juu yake.

Plastiki ya PVC ndiyo mgeni. Yenyewe ni ngumu kama bomba la maji, na ukiikunja inapasuka. Mwaka 1926 mkemia Mmarekani Waldo Semon, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya B.F. Goodrich, aligundua namna ya kuilainisha kwa kuichanganya na kemikali maalumu. Kemikali hizo, tuziite vilainishi, ndizo zinazofanya ganda la waya likunjike bila kuvunjika. Si tone la kuonjea tu, kwani katika PVC laini zinaweza kufika robo au hata theluthi ya uzito wote. Kwa miongo mingi nyingi kati yake zimetoka katika petroli.

Soya inaingia hapa. Mafuta ya soya yakipitishwa katika mchakato wa kikemia huwa kilainishi na kinga ya joto kwa PVC. Hili halikuanza karne hii. Mafuta ya soya yaliyobadilishwa kwa njia hiyo yamekuwa yakitumika katika PVC tangu katikati ya karne ya 20, na hata mpira laini ulio ndani ya vifuniko vya chupa za vyakula huwa nayo. Kilichobadilika miaka ya karibuni ni msukumo wa kuyatumia zaidi. Baadhi ya vilainishi vya petroli vimeonekana kudhuru mfumo wa uzazi, na Umoja wa Ulaya umeviwekea masharti makali. Ndipo viwanda vikageukia mimea.

Katika magari, jina la soya lilishatangulia kwa njia nyingine. Henry Ford aliipenda sana soya, na mwaka 1941 huko Dearborn, Michigan, alionyesha gari lenye bodi ya plastiki ambayo mimea ilitajwa kuwa sehemu ya malighafi yake. Kampuni hiyo hiyo iliweka sponji ya soya katika viti vya Mustang ya mwaka 2008 na baadaye katika magari yake mengine ya Amerika Kaskazini, na ikatangaza kwa fahari. Msomaji anaposikia "gari la soya" na kisha "waya zimetafunwa", akili hufunga fundo yenyewe.

Inapaswa kusemwa kwa haki kwamba shaka ya wenye magari si upuuzi. Vilainishi, viwe vya petroli au vya mmea, vinaweza kutoka polepole hadi kwenye uso wa ganda, na pua ya panya ni kali mno. Inawezekana ganda la aina fulani likamwonjesha zaidi ya jingine. Lakini kati ya "inawezekana" na "ndiyo sababu" kuna mto, na mtu hauvuki kwa kusema tu kwamba amefika ng'ambo.

Shauri lilivyofika mahakamani

Nchini Marekani wenye magari hawakuishia kulalamika. Mwaka 2016 Toyota ilifunguliwa kesi katika mahakama ya shirikisho huko California, kwa madai kwamba maganda yenye soya yanawavuta panya na kwamba kampuni ilipaswa kulipia matengenezo chini ya waranti. Honda nayo ilishtakiwa kwa hoja za namna hiyo. Jibu la Toyota kwa umma lilikuwa kwamba panya hutafuna waya za magari ya kampuni zote, na kwamba haijui utafiti wowote wa kisayansi unaoonyesha kuwa soya ndiyo inayowavuta.

Mabishano ya kisheria yalizunguka maswali mengine. Je, waranti inalinda kasoro ya kiwandani tu, au pia madhara yanayoletwa na mnyama? Je, kampuni ilijua na ikanyamaza? Hayo ni maswali mazito kwa mlaji, lakini hata yakijibiwa hayatuambii kilichomo kichwani mwa panya.

Jibu la swali hilo lingehitaji jaribio la kawaida kabisa. Chukua waya mbili zenye unene sawa, ugumu sawa na rangi sawa, moja ikiwa na kilainishi cha soya na nyingine cha petroli. Ziweke mbele ya panya walioshiba na panya wenye njaa, mahali penye joto na mahali pa baridi, kwa majuma kadhaa. Kisha pima si ngapi zimetafunwa tu, bali pia ni kiasi gani kimemezwa. Hoja ya soya ina haki ya kupewa jaribio hilo, na mpaka ilipite ni dhana. Na ni wajibu wa makampuni yenye maabara na fedha, si wa mwenye gari, kulifanya na kutangaza matokeo.

Honda, kwa upande wake, inauza tepu maalumu ya kufunga waya iliyotiwa kapseisini, kile kiini kinachoipa pilipili ukali wake. Tepu hiyo haithibitishi chochote kuhusu soya. Inathibitisha jambo jingine lenye uzito, kwamba kampuni inajua tatizo lipo, na inajua namna mojawapo ya kulipunguza.

Wanaotafuna bila soya

Kama soya ndiyo mkosaji, basi pasipo soya pangekuwa na amani. Ushahidi unasema vingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakazi wa Winterthur, Uswisi, walianza kukuta mipira na waya za magari yao zimeng'atwa usiku. Mng'ataji hakuwa panya. Alikuwa mnyama mdogo mla nyama wa ukoo mmoja na kicheche. Tabia hiyo ikaenea hadi Ujerumani, ambako kampuni za bima hupokea madai zaidi ya laki mbili kwa mwaka kwa sababu yake. Watafiti walieleza chanzo kimojawapo. Dume huacha harufu yake kwenye gari, gari likihamishiwa mtaa mwingine dume wa huko huisikia harufu ya mvamizi, naye huitoa hasira yake kwenye waya. Mnyama huyo si mla maharage, na hakuhitaji soya kufanya uharibifu.

Katika bonde la Mineral King, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sequoia huko California, kuna wanyama wa jamii ya kindi wakubwa kama sungura walionona, waitwao mamoti. Kila majira ya kuchipua hupanda ndani ya injini za watalii na kutafuna mipira ya rejeta na waya. Wageni huyafunga magari yao kwa maturubai makubwa kutoka chini hadi juu, kama mzigo wa lori. Tabia hiyo ya mamoti ilikuwapo kabla neno "waya za soya" halijasikika.

Na si magari tu. Kebo za kale za simu zilizovikwa risasi zilitobolewa na kindi, na risasi haina lishe yoyote. Mwezi Machi 2013, kituo cha nyuklia cha Fukushima nchini Japani, ambacho tayari kilikuwa mgonjwa, kilikosa umeme wa kupoza mabwawa ya mafuta ya nyuklia kwa zaidi ya siku moja. Mafundi walipofungua sanduku la muda la umeme walikuta panya amekufa kwenye nyaya. Visa hivi vyote vinaelezeka bila soya.

Kwa nini tunaliona zaidi sasa

Mtetezi wa soya atauliza: mbona baba zetu hawakulalamika hivi? Jibu liko katika gari lenyewe.

Peugeot 504, iliyobeba walimu, wafanyabiashara na mabibi harusi wa Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, ilikuwa na kabureta na waya unazoweza kuzihesabu. Panya akikata waya ya taa, taa haikuwaka na safari iliendelea. Injini ilionekana wazi kuanzia juu mpaka chini, na ardhi ikaonekana kupitia pembeni yake. Gari la leo lina wayaringi yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, iliyojazana chini ya boneti na nyuma ya dashibodi. Kila koili, nozeli na sensa inazungumza na kompyuta. Kampuni ya Bosch ilipotambulisha mwaka 1986 mfumo wa kupitisha mawasiliano ya gari katika waya mbili zilizosokotwa pamoja, ilipunguza uzito wa waya, lakini pia ilifanya jozi hiyo kuwa mshipa mkuu. Ikikatwa, sehemu nyingi zinaugua kwa pamoja.

Kwa hiyo jino ni lile lile, na huenda uharibifu ni ule ule. Kilichokua ni madhara yake. Zamani panya alikata waya moja kati ya chache zisizo na haraka, leo anakata moja kati ya mamia, na nyingi kati ya hizo haziwezi kukosekana.

Ongeza umbo la chumba cha injini. Ili kupunguza kelele na upepo, watengenezaji wameweka kava juu na ngao ya plastiki chini. Injini ikizimwa, joto hubaki humo kwa saa kadhaa. Kwa panya hicho ni chumba chenye paa, sakafu na jiko lililozimwa punde tu. Na gari likikaa bila kutumika, hakuna wa kumfukuza. Mwaka 2020, mikahawa ilipofungwa kwa sababu ya Korona, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilitoa tahadhari kwamba panya waliokosa mabaki ya chakula wangehangaika kutafuta makazi na riziki mpya.

Jirani wa tangu zamani

Kwetu panya si mgeni. Wachimbaji wa mambo ya kale huko Unguja Ukuu wamepata mifupa ya panya wa nyumbani, aliyevuka Bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara tangu milenia ya kwanza. Alisafiri katika mashehena ya nafaka, na kamba za makumbi zikamfaa kunolea meno. Wahenga walimjua vizuri mpaka wakasema hung'ata huku akipuliza, uamke asubuhi uone damu bila kukumbuka maumivu. Ndivyo anavyofanya kwa gari pia. Unalala nalo likiwa zima, unaamka halina kauli.

Bara tunaye panya shamba, ambaye mama mmoja huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa uzao, baada ya mimba ya wiki tatu na siku chache. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa hapa Morogoro, wamemfuatilia kwa miongo kadhaa na kuonyesha jinsi idadi yake inavyopanda na kushuka kwa kufuata mvua. Mvua njema huleta majani na mbegu, mbegu huleta vizazi, na shamba likishavunwa vizazi hivyo hutafuta pa kwenda. Mwenye kuegesha gari karibu na ghala la mahindi baada ya mavuno ajue amewakaribisha.

Kwa hiyo chanzo cha tatizo, kwa nchi zetu, kipo nje ya ganda la waya. Ni jalala lililo pembeni ya maegesho, pumba isiyofunikwa, mti wa mwembe unaodondosha maembe juu ya boneti, chakula cha mbwa kinacholala nje, gari linaloegeshwa wiki nzima bila kuguswa. Tukisema "ni soya" tunalitupa tatizo Japani na Marekani, na gunia la pumba linabaki wazi.

Kinga zinazofaa na zisizofaa

Ya kwanza ni kuondoa chakula. Weka nafaka na vyakula vya mifugo katika mapipa ya bati au ya plastiki ngumu yenye kifuniko, mbali na gari. Fyeka majani yaliyo kuzunguka banda na ondoa matofali na mbao zilizorundikwa ukutani. Panya mdogo wa nyumbani hupita katika tundu lenye upana wa penseli, basi ziba nyufa kwa saruji au wavu wa chuma, si kwa matambara.

Ya pili ni kuondoa utulivu. Gari lisilotumika liwashwe na lisogezwe mara kwa mara, na boneti ifunguliwe kila siku mbili tatu. Panya hutaka giza na siri, na kumnyima viwili hivyo ni nusu ya kazi.

Ya tatu ni mitego, iwe ya kubana au ya kunasa. Itegwe kando ya ukuta, kwa kuwa panya hupenda kutembea akiugusa ukuta.

Ya nne ni kuvisha waya. Bomba la plastiki lenye mikunjo, lililopasuliwa kwa urefu, linaongeza unene na kumpunguzia panya mahali pa kushika. Tepu yenye pilipili husaidia kwa sababu kapseisini huwachoma wanyama wanaonyonyesha. Harufu kama nafthalini au mafuta ya mnanaa hupungua nguvu baada ya siku chache, hasa penye joto la injini, basi zisiwe ndiyo tegemeo lako. Vifaa vinavyodai kufukuza panya kwa sauti tusiyoisikia navyo vitazamwe kwa shaka. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo kuhusu madai yasiyo na ushahidi, na panya huizoea sauti upesi.

Sumu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Inauzwa barabarani na sokoni katika pakiti zisizo na maelezo, na wengi huimwaga ndani ya injini wakidhani wamemaliza kazi. Sumu nyingi za kisasa huzuia damu kuganda, kwa hiyo panya hachelewi kuila lakini huchelewa kufa. Siku hizo anatembea na sumu mwilini, na paka au bundi akimkamata huila pamoja naye. Unaua wawindaji wako mwenyewe. Na mtoto anayecheza bandani hajui tofauti ya punje za rangi na peremende.

Waya zikishatafunwa, usikubali kufungiwa tepu ya kawaida tu. Joto la injini huyeyusha gundi yake, maji huingia, shaba huoza, na tatizo hurudi wakati wa mvua. Waya iungwe kwa risasi au kwa kiungio cha kubana, kisha ivalishwe mpira unaojibana kwa joto. Jozi iliyosokotwa ibaki imesokotwa baada ya kuungwa. Na ukisikia harufu ya petroli, usiwashe gari hata kidogo, kwa sababu panya hutafuna pia mipira ya mafuta, na cheche moja ya waya iliyo uchi inatosha.

Nani alipe, na ganda la mmea lina kosa gani?

Mmarekani aliyenunua gari jipya anaweza kubishana na kiwanda kuhusu waranti. Sisi wengi tunanunua magari yaliyokwisha kutumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari mengi yanayoshushwa Mombasa leo yametengenezwa wakati ambapo mabishano ya soya yalikwisha kuanza au kupamba moto. Lakini waranti ya kiwanda haikuvuka bahari pamoja nayo. Kwetu hakuna wa kumshtaki. Kinachobaki ni bima, nayo wengi tuna bima ndogo isiyogusa gari lako mwenyewe. Hata mwenye bima kubwa asome mkataba wake mstari kwa mstari na kumuuliza wakala, kabla hajapata hasara, kama madhara ya wanyama watafunaji yamo au yameondolewa.

Watengenezaji nao wasijifiche nyuma ya jino la panya. Hakuna ushahidi wa kuwahukumu kwa soya, lakini wanauza gari litakaloishi miaka 20 katika mabanda, vichochoro na mashamba ya dunia nzima, na wanajua panya yupo kote huko. Kama tepu ya pilipili inauzwa dukani baada ya hasara, ingeweza kufungwa kiwandani kabla ya hasara. Ganda jipya, liwe la mmea au la petroli, lijaribiwe mbele ya meno kama linavyojaribiwa mbele ya joto na mafuta.

Na tusilichukie ganda la mmea kwa kosa lisilothibitishwa. Kupunguza petroli na vilainishi vyenye madhara ni jambo jema kwa watoto wetu, na sisi wenye mkonge Tanga na minazi pwani nzima tungepaswa kuwa wa kwanza kutaka mimea ipate kazi viwandani. Hukumu yangu, kwa ushahidi uliopo, ni kwamba mshtakiwa wa kwanza ni jino, wa pili ni joto, wa tatu ni gunia lililo wazi. Soya ibaki shahidi mpaka mtu alete jaribio la kweli.

Siku ile, baada ya fundi kumaliza, nilihamisha gunia la pumba kwenye pipa la bati lenye kifuniko, na gari nikalihamishia upande wa pili wa ua. Nakuomba nawe ufanye jambo moja dogo. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, fungua boneti uangalie. Ukikuta nyasi, maganda ya mahindi au vinyesi, usiwashe kwanza. Ondoa kiota, kagua waya na mipira ya mafuta, kisha utafute chakula kinachomleta.